Ukili Uliofumuliwa

Asubuhi ile niliondoka Ngao bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa na shuka moja, kisu, na kipande cha mhogo wa kuchoma alichonipa yule mama aliyekuwa akimtibu dada yangu. Hakunipa kwa upole. Alinitia mkononi kama mtu anayempa mbwa mfupa ili atoke mlangoni, akasema, "Fuata mto au uache mto, shauri lako. Ila leo usiwe hapa."

"Nirudi lini, mama?"

"Hata hujaondoka, ushaanza kuuliza."

Nikashika njia ya juu ya ukingo, umande ukiwa bado haujakauka. Nyuma yangu dada alikuwa ameketi ndani ya ile nyumba ya majani, mgongo ameuelekeza mlangoni. Hakugeuka. Nilikuwa nimezoea kuondoka mahali bila kuagwa. Tangu nilipotoroka chuoni kabla sijamaliza hata juzuu za mwanzo, maisha yangu yalikuwa kuondoka. Nikisikia kuna jambo mahali, siku mbili baadaye niko huko, nimesimama mbele yake nalitazama. Lakini siku zote niliondoka kwa kupenda kwangu. Siku ile niliondolewa, na niliondolewa kwa ajili ya ndugu pekee niliyebaki naye duniani.

Nieleze kwanza kilichotupeleka Ngao.

Sisi ni watu wa Kipini. Mama yetu alifariki mimi ni mdogo, na dada yangu ndiye aliyenilea, naye mwenyewe alikuwa bado hajafikia umri wa kuolewa. Baadaye aliolewa na mtu wa mpunga, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na mto, hatua chache tu kutoka mahali mitumbwi inapofungwa. Alizaa binti, na miaka sita baadaye akazaa mtoto wa kiume.

Mwaka ule Wazungu walikuwa wanapandisha mtoni chombo cha chuma kinachokwenda kwa moto, kikakwama kwenye fungu la mchanga upande wa juu wa mashamba. Nikasikia, basi sikukaa. Asubuhi nilipita kwa dada, na binti yake akanishika shuka. Alitaka twende wote. Nilikuwa na haraka, niliogopa chombo kisije kikanasuliwa kabla sijakiona. Nikamwambia, "Ningoje hapa penye mitumbwi, nitakupitia." Nikachukua upondo, nikausukuma mtumbwi nikaenda zangu. Kule nilikaa mpaka jua likainama, nikiuliza moto unakaa wapi na maji yanaingilia wapi, na mtu mmoja wa chombo akanionyesha, tena kwa furaha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyemwuliza. Niliporudi nilikuta watu wamejaa penye mitumbwi, wanaume wanapiga maji kwa pondo. Wanawake wawili walikuwa wamemshika dada mikono. Mamba alikuwa amemchukua mtoto. Hatukupata cha kuzika.

Hakuna aliyeniuliza neno, nami sikusema. Nilidhani ahadi ile nilikuwa nikiijua mimi na mtoto tu.

Dada hakulia. Watu wakasema ni imani, wakamsifu. Siku ya tatu ikapita, na ya saba, na arobaini, na ndipo tulipoona kwamba hamgusi mtoto wake aliyebaki. Akiletewa anyonyeshwe, aliinuka akaenda upande mwingine wa nyumba, kama mtu anayekwepa moto. Wifi yake ndiye aliyemnyonyesha pamoja na wake. Mtoto yule sasa ni kijana na ana upondo wake mwenyewe, naye hajui kwamba kuna miezi ambayo mama yake hakumbeba. Mchana dada alipochoka na kusinzia, midomo yake ilisema maneno yale yale kila siku: "Haya, mngoje." Nami kila nilipoyasikia nilitoka nje. Nilijua ananisema mimi.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alimpeleka kwa mwalimu, akaandikiwa aya kwenye kombe, zikaoshwa kwa maji akanywa. Alimpigisha nyungu, akafunikwa nguo juu ya chungu cha majani mpaka akatoka jasho. Alimletea fundi wa ngoma, naye alimaliza kazi yake kabla ya wali kupoa, akasema pepo ametoka. Mwisho shemeji aliniita kando. "Mpunga ukivunwa naye bado yuko hivi," alisema, "nitamrudisha kwenu. Mtoto atabaki na mama yangu." Aliona haya kusema hivyo, alikuwa akitazama miguu yake. Na "kwenu" maana yake ilikuwa mimi, mtu asiye hata na kitanda.

Habari za yule mama wa Ngao tulizipata kwa mtu aliyeteremsha ndizi kutoka juu. "Yeye hana dawa," alisema, "hana ngoma. Anakaa na mtu tu. Lakini anakaa! Kikao chake si cha kupisha jua la mchana. Unaingia na umande, unatoka ng'ombe wanapokwenda kunywa maji, na kesho tena, na kesho kutwa tena." Nikamtia dada mtumbwini na tukapanda mto.

Nilitarajia bibi kizee. Nilimkuta mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye shamba lake la mahindi ukingoni, vidole vimejaa makovu ya miyaa, yale majani ya mkindu ya kusukia. Alimtazama dada, akamtazama tena, wala hakuuliza anaumwa nini. Aliniuliza mimi, "Wewe ni nani wake?"

"Ndugu yake, mama. Tumbo moja."

"Unaweza kukaa kimya?"

Kabla sijajibu, dada akasema, "Hawezi." Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Kipini, na yule mama akacheka mpaka akatema tumbaku.

Tiba yake ilikuwa hivi. Mgonjwa alipewa miyaa iliyolowekwa, akaanza kusuka ukili, ule utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Mama mwenyewe aliketi karibu, akichana majani na kumpa. Kila siku ukili ulitakiwa utoke nguzo ya kati ya nyumba mpaka mlangoni na kurudi, ndipo kikao kimekwisha. Haukukatwa, uliviringishwa, na kesho ukaendelezwa pale pale. Mgonjwa akitaka, alisema. Asipotaka, alisuka tu.

Na palikuwa na mtu wa tatu. Kwa watu wa mto, mtu akieleza jambo zito haelezi peke yake. Huwekwa mwingine wa kumjibu, na kila msemaji anapotua, huyu husema "naam," na neno huwa limepokewa. Lisipojibiwa limeanguka chini, ni kama halikusemwa. Kazi hiyo nilipewa mimi.

"Usiulize," mama aliniagiza. "Usimpoze. Usimlilie. Ukijua jambo asilolijua, kaa nalo. Akisema jua ni jeusi, naam. Wewe hapa si mtu, ni sikio."

"Na nikikosea?"

"Ukilikata neno lake, atafumua ukili wote mpaka mwanzo, na aanze upya. Kama atakubali."

"Kwa nini afumue wote?"

"Umekuja kuniletea mgonjwa au kuniletea maswali?"

Siku mbili za kwanza dada hakusema lolote. Nilikaa na naam yangu mdomoni, miguu ikiniuma, nikisikiliza majani yakichanwa. Kule kwetu tiba zote zilikuwa na kelele, na mtu alijua inafanywa kazi. Hapa wanawake waliopita na mitungi walichungulia mlangoni na kunitania. "Mwungwana, leo umesema mangapi?" Mmoja, jirani ambaye masikio yake yalikuwa mazito, alipiga kelele kama watu wa aina yake: "Mpeni naye asuke, mwanamume huyu anaoza!"

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, dada alisema bila kuinua macho, "Mama yetu alipokufa nilikuwa nimebeba maji."

"Naam," nikasema.

Alianzia huko. Nilidhani ataanzia kwenye mto, kwenye siku ile, kwa kuwa ndiyo iliyotuleta. Yeye alianzia kwenye mtungi aliokuwa nao kichwani siku tuliyofiwa, na jinsi alivyoogopa kuutua kwa sababu watu wangejua amesikia. Akasema juu yangu, mtoto niliyekuwa nikilia njaa mgongoni mwake. Mambo yale sikuyajua, na kila moja lilikuwa na maswali kumi ndani yake. Niliyauma. Naam. Naam. Siku ya nne tulikuwa arusini kwake. Siku ya tano binti yake alikuwa bado hajazaliwa, nami nikajikuta nimeanza kufurahi, kwa sababu katika maneno yale mtoto alikuwa mbele yetu, bado anakuja.

Siku ya sita akazaliwa. Siku ya saba akatembea, akaota meno, akaumwa surua akapona, akavunja chungu cha bibi yake akasema kimevunjwa na paka. Dada alicheka aliposimulia hilo la paka. Yule mama alimpa jani jingine, nami nilimwona akilikazia macho jani lile. Alikuwa anajua kesho ni nini.

Siku ya nane dada alisuka mpaka mlangoni bila neno. Alipogeuza kurudi upande wa nguzo, akasema, "Asubuhi ile ndugu yangu alipita."

"Naam."

"Alikuwa na haraka."

"Naam."

"Mtoto akamshika shuka."

"Naam."

"Akamwambia, ningoje hapa penye mitumbwi, nitakupitia."

Nilikuwa na neno moja la kusema. Nililisema mara mamia siku zile, hata usingizini. Nikasema, "Sikumwambia hivyo. Nilimwambia angoje nyumbani."

Ulikuwa uongo. Ulitoka mdomoni kabla sijauona, na nilipousikia nilishangaa, kama mtu aliyejikwaa kwa mguu wake mwenyewe. Dada aliinua macho. Tangu siku ya mamba hakuwa amenitazama usoni hata mara moja. Sasa alinitazama, kwa muda mrefu, bila hasira. Kisha akauweka ukili chini, polepole, kama mtu anayelaza kitu kilicholala.

Mama alinitoa nje kwa mkono.

"Ni kweli ulimwambia," alisema tulipofika penye mahindi. Hakuwa akiuliza.

"Ni kweli."

"Basi kwa nini ulikataa?"

"Alikuwa ananishitaki."

"Alikuwa anapita." Alinisogelea, mwanamke yule mfupi. "Hapo kwako alikuwa anapita tu! Safari yake ilikuwa mbele. Siku nane amekuja kwa miguu yake mpaka mlangoni, na wewe umekaa mlangoni unasema si mimi, si mimi. Nani alikuuliza?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Kosa ni langu. Nilitaka ajibiwe na nduguye, maana jibu la ndugu lina uzito. Sikujua kwamba na wewe ni mgonjwa."

Siku tatu dada hakugusa miyaa. Alikula kidogo, akalala ameelekea ukutani. Mimi nilikaa nje nikihesabu mvua zilizobaki mpaka mpunga uvunwe. Akilini nilimwona yule mtoto mchanga amebaki kwa bibi yake, na dada akija kuishi popote ninapolaza kichwa, na mimi nikisikia tena jambo mahali nikaondoka. Sikujidanganya juu ya nafsi yangu.

Siku ya nne nilisikia sauti ndani. Haikuwa ya kusuka. Nilichungulia. Alikuwa ameushika mwisho wa ukili, anaufumua. Alifumua kuanzia siku ya nane, akaja ya saba, ya sita. Miyaa iliyofumuliwa hubaki na mikunjo. Aliinyoosha jani moja moja juu ya goti, akairudisha kwenye maji. Vidole vyake vilikwenda sawa, isipokuwa pale ukili ulipokuwa umelegea au kukazwa mno, na hapo alisimama kidogo. Sijui kama alijua ni wapi kwenye utepe ule binti yake alizaliwa. Ilimchukua siku nzima mpaka giza, na hakuna aliyemsaidia.

Asubuhi yake mama alikuja na yule jirani mwenye masikio mazito, akamkalisha mahali pangu.

"Lakini huyu hasikii," nikasema.

"Anasikia nusu. Mtu akitua, anamwona, anajibu. Ni bora kuliko wewe unayesikia zaidi ya yaliyosemwa." Ndipo aliponitia mhogo mkononi. "Akijua uko hata nyuma ya ukuta, atasema kwa kukupisha wewe. Nenda."

Hivyo ndivyo nilivyotoka Ngao.

Nilitembea mto ukiwa mkono wangu mmoja, mara nauona, mara umefichwa na migomba na matete. Watu wa mashambani walinisalimu na kuniuliza habari, nikawajibu njema. Kwa mara ya kwanza katika safari zangu sikusimama kutazama kitu. Kichwani nilikuwa na yale maneno ya dada ya kusinzia, "Haya, mngoje," nikiyageuza huku na huku, na mahali fulani ambapo njia inaacha ukingo na kukata mbuga, nilisimama ghafla na mhogo mkononi.

Hayakuwa maneno yangu. Mimi nilimwambia mtoto "ningoje." Aliyesema "mngoje" ni mwingine, anamzungumzia mtu asiyekuwapo. Nikaona jinsi siku ile ilivyoweza kwenda. Adhuhuri mtoto alikuwa amerudi nyumbani, njaa inamwuma, jua kali, amechoka kungoja, akamweleza mama yake ahadi yangu. Na dada, yuko kwenye kinu, mikono imejaa mpunga, mtoto mchanga analia, akamwambia kama mama yeyote anavyosema mara mia kwa siku: Haya, mngoje. Na mtoto akarudi penye mitumbwi.

Hicho ndicho kilichokuwa mbele ya mlango. Miezi yote ile nilidhani dada amebeba kosa langu, nikamkimbia. Alikuwa amebeba lake, kubwa kuliko langu machoni pake, na mikono iliyokuwa na mpunga siku ile ndiyo aliyoogopa kumshikia mtoto aliyebaki. Sikuwa na hakika, na sina mpaka leo. Hajaniambia, wala sijamwuliza. Katika maisha yangu ni jambo hilo moja tu ambalo sijaliuliza.

Nilikaa chini njiani pale nikalia, mtu mzima, hata ndege wa mbuga wakanizoea. Mhogo niliuacha hapo hapo.

Jua lilikuwa limeinama nilipofika Garsen. Nilikuwa sijawahi kufika huko. Palikuwa na nyumba chache za Waorma, za mviringo, za majani, na vumbi la ng'ombe wengi waliokuwa wakiteremka mtoni kunywa. Nje ya nyumba ya kwanza mama mmoja alikuwa anafunga majani juu ya fito, anajenga, kwa maana kwao nyumba ni kazi ya mwanamke. Hakuacha kazi. Alinitazama miguu, akanitazama shuka.

"Wewe toka wapi?"

"Ngao, mama."

"Kwenda wapi?"

"Sijui."

"Mtu hapana jua, mtu mgonjwa ama mtu mwizi," alisema. "Wewe gani?"

"Mwizi angejua anakokwenda, mama."

Akacheka kwa pua, akanisogezea kibuyu cha maziwa kwa mguu. Nikanywa. Ng'ombe walikuwa wanapita bado, pembe kwa pembe, na nilijua ni saa ile. Kule Ngao ukili ulikuwa umefika nguzoni, na yule mama alikuwa anauviringisha. Ilikuwa siku ya kwanza tena. Labda dada hakusema neno leo. Labda kesho pia hatasema, na kesho kutwa ataanza: mama yetu alipokufa nilikuwa nimebeba maji.

"Naam," nikasema.

Yule mama wa Kiorma aligeuka. "Wewe sema na nani?"

"Na dada yangu."

"Yuko wapi?"

"Ngao."

Alitazama njia niliyojia, akapima kwa macho. "Mbali," alisema. "Hapana sikia." Akafunga fungu jingine la majani, akakaza kamba kwa meno. "Nyumba ya watu imejaa. Iko nyumba ya ndama. Ndama hapana sema mingi, wewe talala vizuri. Siku ngapi?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo nikawa na jibu. Popote nilipolala nilisema usiku mmoja, na mara nyingine hata huo sikuumaliza. Nilihesabu kwa vidole, tangu mtungi wa maji mpaka arusi, mpaka paka aliyesingiziwa chungu, mpaka penye mitumbwi.

"Nane, mama. Pengine zaidi."

"Wewe ngoja mtu?"

"Nangoja."

"Haya," alisema, akarudia kazi yake. "Ngoja."

Nikainama nikaingia. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa na mkojo, na ndama watatu walionitazama bila kuondoka. Nikamsukuma mmoja kwa goti, nikatandika shuka yangu pale alipokuwa amelala.